Anime za kuanza nazo kwa mtu anayependa picha nzuri

Kijana akimwomba rafiki yake amwonyeshe anime ya kuanza nayo, jibu analopata karibu kila mara ni Naruto ao One Piece. Jibu hilo linatoka moyoni, lakini ni kama kumbebesha mgeni gunia zima la mihogo wakati ameomba kuonja tu. Naruto ina sehemu 220, na Naruto Shippuden inayofuata ina sehemu 500. One Piece ilianza kwenye televizyo ya Japani mwezi Oktoba 1999, imepita sehemu 1.100 na bado haijaisha. Mtu mwenye kazi, watoto na mega za kuhesabu hawezi kuingilia huko.

Kuna mlango mwingine, nao ni macho. Ziko serie fupi, za sehemu 12, 13 ao 26, zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa hata mtu asiyejua lolote juu ya anime anasimama nyuma ya kiti cha mwenzake na kuuliza: "Hiyo ni nini?" Tunazungumzia hizo. Nimechagua chache sana, na wapenzi wa zamani wa anime watanilaumu juu ya zile nilizoacha. Wana haki.

Kwetu anime si jambo geni. Wengi wetu tulizijua kwa majina ya Kifaransa: Olive et Tom, Dragon Ball, Les Chevaliers du Zodiaque. Zilipitia Ufaransa, ambako zilionyeshwa katika vipindi vya watoto kama Club Dorothée ya TF1, iliyodumu kati ya mwaka 1987 na 1997, kisha zikasambaa katika inchi zinazosema Kifaransa. Tuliziita dessin animé tu, kama Tom na Jerry, bila kujua kwamba Olive, yule mchezaji wa mpira, kwao Japani anaitwa Tsubasa. Uwanja ule usio na mwisho, mpira ukikaa hewani huku wachezaji wakikumbuka utoto wao, uliwachekesha wakubwa. Lakini ule ujanja wa kuvuta wakati ulikuwa na sababu, na sababu hiyo inasaidia kuelewa uzuri wa anime za leo.

Filme inapitisha picha 24 kwa sekunde moja. Kuchora picha 24 tofauti kwa kila sekunde ni kazi ya kuvunja mgongo. Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Astro Boy kwenye televizyo ya Japani, tarehe 1 Januari 1963, hakuwa na feza wala watu wa kutosha kufanya hivyo kila juma. Studio yake ikachora kidogo: mchoro mmoja unakaa kwa picha tatu, mdomo peke yake unasogea, mandhari inateleza nyuma ya mtu aliyesimama, picha zilizokwisha kutumika zinarudishwa. Njia hiyo ikabaki. Mpaka leo anime nyingi zinatumia michoro 8 ao 12 kwa sekunde, na mara nyingine chini ya hapo.

Sasa, kama watu hawasogei sana, uzuri unatoka wapi? Unatoka kwa wachoraji wa mandhari, ambao ni kikundi tofauti na wale wanaochora watu. Unatoka kwa wale wanaochagua rangi, na kwa wale wanaounganisha matabaka yote mwishoni, wakitia vumbi ndani ya mwale wa jua, ukungu juu ya mlima, mng'aro juu ya maji. Tena unatoka katika kujua kutunza nguvu. Studio nzuri inajua ni sekunde gani za kumimina michoro yote, na ni zipi za kuacha mtu asimame kimya dirishani. Ukiwa mgeni, angalia mikono. Mikono ni migumu kuchora. Studio isiyokuwa na wakati inaificha mfukoni, nyuma ya meza, nje ya picha.

Msichana aliyetoka vitani

Ndiyo maana, kama ni kuchagua moja tu, nachagua Violet Evergarden. Hiyo ni serie ya mikono. Ilitoka mwezi Januari 2018, ina sehemu 13, na iko kwenye Netflix. Mwongozaji wake ni Taichi Ishidate, na studio iliyoichora ni Kyoto Animation.

Inchi ya hadithi ni ya kubuni, lakini inafanana na Ulaya ya miaka 100 iliyopita: treni za moshi, barabara za mawe, taa za njiani. Vita imeisha. Violet, msichana wa miaka 14 hivi, yuko hospitalini. Mikono yake miwili ilikatika vitani, na mahali pake amewekewa mikono ya chuma. Tangu utoto alitumiwa jeshini kama silaha, na hakuna kitu kingine alichojua isipokuwa kutii amri. Meja aliyekuwa naye alimwambia kwa mara ya mwisho kwamba anampenda, na Violet hajui neno hilo lina maana gani. Ili alijue, anaomba kazi kwenye kampuni ya posta: kuwaandikia barua watu wasiojua kuandika, ao wanaojua lakini hawajui waseme nini.

Msomaji wa Ituri, wa Masisi ao wa Fizi hana haja ya kuelezwa mtoto askari ni nani. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwezi Machi 2012, ilikuwa juu ya jambo hilo hilo: Thomas Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika kundi lake la silaha huko Ituri. Kwa hiyo sisi hatuwezi kumwangalia Violet kwa jicho moja na kijana wa Tokyo ao wa Paris.

Na kwa jicho letu, kuna mahali serie hii inapendeza kupita kiasi. Nywele za Violet zinang'aa, nguo zake ni safi, na mji unampokea haraka kuliko vile mitaa yetu inavyowapokea watoto wanaorudi kutoka porini. Hakuna jirani anayemwita muuaji anapopita. Tena ule upendo wa meja, mtu mzima na kamanda wake, kwa msichana aliyemtumia vitani, ulihitaji kuulizwa maswali makali, na waandishi wa serie hawakuyauliza. Nasema hivyo ili mtu asishangae akifika hapo.

Lakini kuna mambo waliyoyaona vizuri sana. Barua za kwanza za Violet zinafanana na ripoti za kijeshi. Mteja anayetaka maneno ya mapenzi anapata karatasi yenye baridi, na anarudi kwa hasira. Violet hana majina ya vitu anavyosikia moyoni. Anajifunza jina moja baada ya jingine kupitia watu wengine: ndugu aliyepoteza wazazi, binti wa mfalme anayeolewa, mwandishi wa michezo aliyefiwa na mtoto na sasa anakunywa pombe. Kadiri anavyoelewa uchungu wao, ndivyo anavyofahamu kwamba wale aliowaua walikuwa na watu nyumbani waliokuwa wakiwangojea. Tajiri wake alikuwa amemwonya mapema kwamba anaungua bila kujua. Anapokuja kujua, ni katika sehemu ya 7, na ndipo serie inapoacha kuwa picha nzuri tu.

Sehemu hiyo ya 7 ina sekunde ambazo watu wengi walioangalia serie hii wanazikumbuka. Mtoto marehemu wa yule mwandishi alikuwa amesema kwamba siku moja atatembea juu ya majani yaliyoanguka ziwani. Violet anachukua mwavuli wake, anakimbia, anaruka. Kwa kitambo kidogo kiatu chake kinagusa maji, matone yanapanda, jua linapita ndani yake. Hapo ndipo studio ilipomimina michoro iliyoitunza.

Halafu vidole. Kila kiungo cha chuma kinasogea peke yake vinapopiga mashini ya kuandika. Violet anavua glavu kwa meno kabla ya kuanza kazi. Hata muziki wa Evan Call unatumia mlio wa mashini hiyo kama ngoma. Angalia pia sehemu ya 10, ya mama mgonjwa na mtoto wake wa kike. Nisiseme zaidi, ila weka kitambaa karibu. Sehemu ya 8 na ya 9 zinaonyesha vita na damu, na namna mikono ile ilivyokatika. Mtu ambaye mambo hayo bado yako karibu naye anaweza kuziruka, na hadithi itaeleweka.

Waliokuwa nyuma ya picha

Uzuri huu una watu, na watu wale walilipa.

Katika kazi ya anime huko Japani, kijana anayeanza anachora michoro ya katikati, ile inayounganisha mwendo mmoja na mwingine. Wengi wanalipwa kwa mchoro, karibu yen 200 kwa mmoja. Uchunguzi wa chama cha wachoraji JAniCA uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wachoraji wa ngazi hiyo walipata kama yen milioni 1,1 kwa mwaka, feza ambazo katika mji wa Tokyo hazitoshi nyumba na chakula. Wengi wanaacha kazi kabla hawajafika mbali. Kwa hiyo unapoona serie inaanza vizuri na kuharibika katikati, sura za watu zikianza kupinda, mara nyingi si kwamba wachoraji hawajui. Wamechoka, ao wamebadilishwa.

Kyoto Animation ilijulikana kwa kufanya kinyume. Ilianzishwa mwaka 1981 na Yoko Hatta pamoja na mume wake Hideaki, mbali na Tokyo, na makao yake yako Uji, karibu na mji wa Kyoto. Inawafundisha wachoraji wake yenyewe na kuwalipa mshahara wa mwezi. Wanawake ni wengi katika kazi yake. Mtu aliyelala na kula ndiye anayeweza kuchora vidole kumi vya chuma bila kuvificha.

Tarehe 18 Julai 2019, mtu mmoja aliingia katika jengo la studio hiyo katika eneo la Fushimi, mjini Kyoto, akamwaga petroli na kuwasha moto. Watu 36 walikufa, na wengine zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Kati ya waliokufa alikuwa Mikiko Watanabe, aliyeongoza uchoraji wa mandhari katika Violet Evergarden: yale maziwa, zile barabara, ule mwanga wa jioni. Shinji Aoba, aliyewasha moto, alidai kwamba studio iliiba mawazo aliyokuwa ameyaandika. Mwezi Januari 2024 mahakama ya Kyoto ilimhukumu kifo.

Filme ya sinema iliyokuwa ikitengenezwa ili kufunga hadithi ya Violet iliahirishwa, kisha ikatoka tarehe 18 Septemba 2020. Kabla yake, mwezi Septemba 2019, ilitoka filme nyingine ya pembeni ya Violet, na majina ya wote walioifanyia kazi yaliandikwa mwishoni, pamoja na ya waliokuwa wamekufa. Netflix ina kawaida ya kukurusha kwenye kitu kingine majina yanapoanza kupita. Bonyeza ili yaendelee.

Zingine za kuonja

Kwa mtu anayependa utulivu, Mushishi ndiyo yake. Ni ya mwaka 2005, sehemu 26, studio Artland, mwongozaji Hiroshi Nagahama, kutoka kwa vitabu vya michoro vya Yuki Urushibara. Ginko, mtu mwenye nywele nyeupe na jicho moja, anatembea kwa mguu kijiji kwa kijiji akibeba sanduku la dawa mgongoni. Anatibu magonjwa yanayoletwa na mushi, viumbe ambavyo si wanyama wala si majani, na ambavyo watu wengi hawavioni. Hapigani na mtu. Mara nyingine anafaulu, mara nyingine anafika amechelewa. Aliyekua karibu na bibi anayejua majani ya dawa atamwelewa Ginko upesi: kuwa makini, kuuliza maswali mengi, kutokasirikia kitu ambacho kinajitafutia tu maisha. Rangi ni za mlima baada ya mvua. Kila sehemu ni hadithi kamili, kwa hiyo umeme ukikatika juma nzima hupotezi kitu. Usiangalie tatu kwa siku. Moja usiku inatosha.

Kwa kijana anayesema kwamba bila mapigano yeye atalala, mpe Demon Slayer ya studio Ufotable, sehemu 26 za mwaka 2019. Hadithi yenyewe ni ya kawaida: Tanjiro anakuta familia yake imeuawa, na dada yake aliyebaki amegeuka kuwa pepo. Anajifunza upanga ili amponyeshe. Kitu cha ajabu ni maji. Upanga wake unapopita, mawimbi yanatokea yenye mistari minene na povu lenye kucha, kama katika picha za zamani za Japani zilizochapwa kwa mbao, zile za Hokusai. Sehemu ya 19 ndiyo iliyofanya watu wengi waanze kuizungumzia. Filme iliyofuata, ya mwaka 2020, ilipita Spirited Away na kuwa filme iliyoingiza feza nyingi zaidi katika sinema za Japani, zaidi ya yen bilioni 40. Damu ni nyingi, vichwa vinakatwa. Si ya mtoto wa miaka 8, hata kama ni katuni.

Ile ambayo ningependa Wakongomani waiangalie kwa makusudi ni Houseki no Kuni, ambayo vitabu vyake kwa Kifaransa vinaitwa L'Ère des Cristaux. Ni ya studio Orange, sehemu 12 za mwaka 2017. Watu wake ni mawe ya thamani yenye miili. Kila mmoja ana ugumu wake kama katika masomo ya jiolojia: Diamond ana 10, na Phos, mhusika mkubwa, ana tatu na nusu tu, anavunjika akiguswa vibaya. Kutoka angani wanashuka watu wa mwezini, wazuri na kimya, kuwawinda ili wawafanye mapambo. Sihitaji kueleza kwa nini hadithi ya mawe yanayowindwa na wageni inasikika kwa namna yake huku kwetu. Hata yule mpiganaji hodari mwenye nywele nyeusi anaitwa Bort, jina la almasi ya viwandani, aina ileile ambayo kwa wingi ilileta sifa kwa Mbuji-Mayi. Imetengenezwa kwa sehemu kubwa kwa ordinatere, jambo ambalo kwa kawaida mashabiki wa anime hawalipendi, lakini hapa ordinatere ilipata kazi yake: nywele za mawe zinapitisha mwanga, na mchoro wa mkono haungeweza kufanya hivyo kila sekunde. Ubaya wake ni kwamba inakatika kabla hadithi haijaisha.

Frieren, ya studio Madhouse, ilianza mwaka 2023 na ina sehemu 28 katika msimu wake wa kwanza. Inaanza pale ambapo hadithi nyingine zinaishia: mashujaa wameshinda na wanarudi nyumbani. Frieren anaishi miaka zaidi ya elfu. Wenzake wanazeeka na kufa, naye anagundua kwamba hakuwahi kuwauliza mambo yao. Anga yake, na maua ya bluu, ni kazi safi. Ni ndefu kidogo, lakini nimeiweka kwa sababu naijua familia ambayo baba, mama na mtoto wa sekondari wote waliingojea.

Mambo ya telefone na lugha

Mashabiki wengi watakuambia usiguse VF, yaani sauti ya Kifaransa, bali uchukue VOSTFR, sauti ya Kijapani na maandishi ya Kifaransa chini. Kwa anayeanza na anayefuata uzuri wa picha, mimi nashauri kinyume. Ukisoma maandishi, macho yako yanabaki chini ya ekrani, na mlima wote unapita juu yake. Angalia kwanza kwa Kifaransa. Ukiipenda, irudie kwa Kijapani usikie sauti zenyewe. Kwa mzazi ambaye Kifaransa hakimwendei vizuri, Mushishi inaruhusu mtu mwingine amwelezee polepole kwa Kiswahili. Maneno ni machache na hakuna haraka.

Kopi zinazopita kwenye kadi za memori, zilizobanwa mpaka zikawa nyepesi, zinaharibu hasa picha za usiku: giza linageuka kuwa miraba-miraba. Mapigano mengi ya Demon Slayer ni ya usiku. Kama ni kopi ya namna hiyo peke yake uliyo nayo, anza na Mushishi ao Frieren, zenye mwanga wa mchana. Mwenye Netflix anaweza kupakua sehemu mbili ao tatu saa ambazo intaneti ni nzuri, kisha kuangalia bila mega. Ekrani ya telefone ipandishe mwanga, kaa mbali na dirisha, na kama kuna ordinatere ya mtu nyumbani, iombe kwa jioni moja, kwa sehemu ya 7 ya Violet.